Nimemweka Mke wa Lutu Katwe

Bwera, 3 Aprili 1970

Kwako Mama Eseza, mshauri wetu wa kila Ijumaa gazetini,

Nakuandikia nimekaa juu ya gunia la muhogo nyuma ya nyumba ili mama mkwe wangu asinione, na nakuomba unijibu kabla ya tarehe 2 Mei, maana siku hiyo uongo wangu utatoka hadharani na akina mama kumi na mmoja wataushuhudia kwa macho yao.

Mimi ni Kobusingye, Mtoro kwa kabila, baba yangu ni polisi na nimekulia kambini, kwa hiyo kusoma Kiswahili nilijua kabla ya kusoma lugha ya kwetu, na miaka mitatu iliyopita niliolewa na Masereka, Mkonzo wa hapa, wakati ambapo watu wetu na watu wao walikuwa bado wanatazamana kwa pembe ya jicho, na wengi walisema sitadumu kwa mkwe yule, lakini mkwe huyo, mama Kabugho, alinipokea vizuri, akaniuliza swali moja tu, kama najua kusoma, nikasema najua, akafungua kitambaa akatoa Biblia ya Kiswahili ya marehemu mumewe, akasema, "Basi mutoto wangu, hii sasa iko kazi yako."

Tangu siku hiyo kila mchana tukitoka shambani tunasoma. Yeye hajui herufi, na Kiswahili chake ni cha soko la mpakani, kwa hiyo nasoma halafu namweleza, na huyo mama anajua kuuliza, Mama Eseza! Yordani ni pana kiasi gani, walivuka na ng'ombe au bila ng'ombe, nani alishika watoto, na mimi sikuwa na mwalimu wala kitabu kingine, nikaona aibu kusema sijui kwa sababu kusoma ndicho kitu pekee nilichoingia nacho katika nyumba ile, nikasema Yordani ndio huu mto wetu Lhubiriha, akaitikia kwa kichwa akafurahi, nikaona kumbe kazi hii ni rahisi. Siku tuliyosoma jinsi mke wa Lutu alivyogeuka nguzo ya chumvi akauliza hiyo Bahari ya Chumvi iko wapi, nami kabla sijafikiri nikasema, "Katwe, mama," maana nilikuwa nimesikia tu kwamba huko kuna ziwa la chumvi. Akanitazama kitambo, akajifuta paji la uso, pale penye alama ya kamba aliyobebea mizigo ya chumvi alipokuwa msichana, akasema, "Eh. Katwe. Endelea."

Mwezi wa pili nilikwenda Kasese kambini kumsalimu baba, na jirani yake Sajini Ocen, ambaye ni mtu wa kusoma sana Biblia, akaniita nione vitabu vyake. Ana itifaki, kile kitabu kinene kinachotaja kila neno la Biblia na mahali lilipo, na ana Biblia yenye ramani mwishoni. Akasema, "Mutoto ya afande, leta kidole. Hapa iko Yordani. Hapa iko Bahari ya Chumvi." Nikamwuliza, na Katwe? Akacheka mpaka akashika ukuta. "Katwe iko Uganda! Hii inchi iko mbali, hata lori haifiki." Kisha akanipa ile Biblia ya ramani niende nayo, akaniambia niache kubahatisha.

Niliporudi nikakuta mama amekwisha waambia akina mama wa kanisa, "Bamama, tarehe mbili mwezi wa tano tutapanda lori, tuende Katwe kuona ile mama ya chumvi. Mukamwana wangu iko na kitabu, yeye atatuonyesha." Na kwa kuwa anapenda kufunua funua kurasa kutafuta picha, nilichukua uji wa muhogo nikazibandika zile kurasa nne za ramani zisifunguke. Mume wangu anafanya kazi Kilembe, alipokuja mwisho wa mwezi nikamweleza, akasema hayo ni kati yangu na mama yake na Mungu, akalala.

Sasa niambie, nikiwaambia akina mama kwamba huyo mwanamke alikuwepo ila mvua imemyeyusha, hiyo ni dhambi kubwa au ndogo? Au nijifanye mgonjwa? Mama Eseza, mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na hakuna mtu aliyewahi kuniita mutoto wangu kila siku isipokuwa huyu. Nampenda. Akijua nimemdanganya ndani ya Neno la Mungu, atatafuta msomaji mwingine, na mimi nitabaki mke wa Masereka tu.

Ni mimi,
Kobusingye

*

Kobusingye mwanangu,

Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Uji wa muhogo! Watu wanauza mbuzi ili wapate Biblia yenye ramani, wewe umepewa bure na ukaigeuza bahasha. Weka birika motoni leo, shikilia kurasa hizo juu ya mvuke, zibandue polepole kwa kisu butu. Ukichana hata moja usiniandikie tena.

Habari ya mvua sitaki kuisikia. Dhambi hazipimwi kwa kibaba, na mwaka kesho utahitaji jua la kufuta uongo wa mvua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Katwe mbele ya akina mama kumi na mmoja.

Hata hivyo sikulaumu kwa kila kitu. Kumwambia mtu kwamba Yordani ni mto wa kuvuka kama Lhubiriha ni kumsaidia aone. Kuuhamisha mto wenyewe ndiko kulikokuponza. Ulikuwa unafundisha peke yako na kitabu kimoja, na mwalimu wa namna hiyo hujaza mapengo kwa mdomo. Sasa una ramani, itumie kila mnapokutana na jina la mahali, kabla hujafungua kinywa. Hizo herufi ndogo pembeni mwa mistari si uchafu wa kiwandani, zinakupeleka kwenye mstari mwingine unaoeleza ule ulio mbele yako, zifuate. Mwandikie Sajini Ocen umwombe itifaki kwa mwezi mmoja, na kama atakuwa mgumu, mwombe baba yako akusaidie kumlainisha. Nunua daftari, uandike humo kila swali la mama Kabugho, hata la ng'ombe, na usilifute mpaka lipate jibu. Muulize mchungaji, muulize yeyote aliyesoma kukuzidi. Kuuliza si ujinga. Na ujifunze kusema "sijui, mama, tutafute." Maneno hayo hayajavunja nyumba ya mtu.

Sasa rudi kwenye barua yako, maana umeiandika bila kuisoma. Mama mkwe wako ana alama ya kamba kwenye paji la uso, alama ya mizigo ya chumvi. Mwanangu, chumvi ya huko kwenu hutoka wapi? Amekanyaga ukingo wa ziwa lile, akatwikwa mzigo mgongoni, akaupandisha milimani, akarudi kuchukua mwingine. Kama kungekuwa na mwanamke wa chumvi amesimama pale, mama Kabugho angekuwa anamsalimia. Alijua siku ile ile uliyomjibu. Alijifuta paji, akakuambia endelea.

Na tazama alivyowaambia wenzake. Mtu anayeijua Katwe hivyo hakusema "nitawaonyesha." Alisema mkamwana wake ndiye atakayewaonyesha. Kwa nini amengoja muda wote huo, na kwa nini ameamua kuita lori? Sijui. Umeona, nimelisema na bado napumua. Huenda anakutania, huenda amechoka kungoja. Lakini mimi pia ni mama mkwe, na msomaji asiyetakiwa hapelekwi safari na akina mama wote wa kanisa.

Kwa hiyo usingoje tarehe mbili. Siku utakayosoma gazeti hili, mkitoka shambani, kabla hujafungua Biblia mwambie, "Mama, si Katwe. Sikujua, nikaona aibu." Akinyamaza, nyamaza naye. Kisha fungua ramani, shika kidole chake, ukiweke juu ya Bahari ya Chumvi kama Sajini alivyokuwekea chako.

Safari ya lori msiivunje, akina mama wamekwisha jiandaa. Nendeni Katwe, na mkifika ziwani ufunge Biblia kidogo, umwombe mama Kabugho awaonyeshe yeye. Chumvi ile wewe umeisoma tu. Yeye ameibeba.

Mama Eseza