Mfereji Uliotiwa Kufuli

Magongo, Changamwe

Mama yangu mpenzi,

Karisa akikusomea barua hii, mwambie asiharakishe wala asiruke neno, nimeiandika mwenyewe. Mguu wako umepoa? Mvua imewafikia huko Kaloleni? Sisi tu wazima. Kadzo ameanza kutembea. Baba yake bado yuko kwenye matangi ya mafuta, ila siku hizi vibarua huitwa siku moja moja.

Umeuliza kwa nini sikuja arusini kwa Sidi. Nitakueleza.

Nyumba tunayokaa ina vyumba sita na mfereji mmoja uani. Zamani kila mtu alichota apendavyo. Kisha bili ya maji ikaanza kupanda, kila mwezi kushinda uliopita. Mwenye nyumba, Bwana Athumani, mzee mpole anayeishi kisiwani, akaja akatukusanya.

"Wanangu, mimi sikatazi mtu kunwa maji," akasema. "Lakini bili hiyo yapanda, na kodi zenu haziitoshi. Wallahi, tutakatiwa."

Akautia mfereji kufuli. Ufunguo akanipa mimi, kwa kuwa chumba chetu kiko uani. Nifungue asubuhi na jioni, kila chumba madebe mawili, basi. Ujira wangu ni chumba chenyewe, hatulipi kodi. Baba Kadzo alifurahi, maana kazi ilikuwa imepungua. Hata mimi nilifurahi, mama.

Tangu siku ile sijafika popote. Sokoni nakwenda mbio narudi mbio. Nikisema nije nyumbani siku mbili tatu, ufunguo atapewa mwingine, na chumba pamoja nao. Ndivyo arusi ya Sidi ilivyonipita.

Mwezi uliopita, jua la mchana limewaka, Mama Riziki wa chumba cha mbele alinijia mbio. Huyo ndiye aliyenikanda nilipojifungua Kadzo, na chakula changu akanipikia yeye mpaka nikapata nguvu. Mwanawe alikuwa anatapika na kuendesha.

"Mama Kadzo, nifungulie! Nguo zote zimechafuka, na mtoto hana hata tone la kunywa."

Nikafungua. Wenzake waliposikia maji yanalia ndooni, wakatoka na madebe, masufuria, hata pipa.

"Kwani sisi si watu?" mmoja akaniuliza.

Nikawapisha. Wakachota mpaka wakatosheka.

Bili ilipokuja, Bwana Athumani hakunigombeza. Alikaa kwenye kibao, akavua kofia yake, akasema taratibu, "Mama Kadzo, nilikuamini. Likitokea tena, chumba nitampa mtu awezaye kukataa."

Baba Kadzo alikuwa amesimama mlangoni. Mzee alipoondoka akaniuliza neno moja tu: "Tutakwenda wapi?"

Riziki alipona, namshukuru Mungu. Lakini wiki iliyopita mama yake akaja tena mchana. Mkwe wake amefika ghafla kutoka Kwale, na ndani hamna hata maji ya mgeni kutawadhia. Nikamwambia asubiri jioni. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya." Akachukua debe, akateremka kule bondeni kwenye kisima cha maji ya chumvi. Nilibaki uani na ufunguo kiunoni, nikamwona anavyopanda nalo kichwani, anasimama, anapanda.

Jioni nikafungua. Alisimama nyuma ya wenzake wote. Zamu yake ilipofika akainamisha kichwa, akaniambia, "Shikamoo."

Mama, yule ni makamo ya shangazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwamkia kila asubuhi. Nilitaka kumwambia, usinifanyie hivyo. Lakini wenzake wote walikuwa wananitazama, nami nikaogopa nikimwomba radhi mbele yao, kesho wote watanijia mchana.

Nikaitikia, "Marahaba." Nikamfungulia maji.

Nisalimie baba, ila haya ya Mama Riziki usimwambie. Msalimie bibi, na Sidi na mumewe, mwambie moyo wangu ulikuwa kwake siku ile. Karisa naye asiache shule. Krismasi msinisubiri.

Sasa nasikia madebe yanapangwa nje. Wameanza kuniita.

Ni mimi mwanao,
Dama