Amplifaya Inayositiri

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima hapa Kasulu, na Baba bado analalamika kwamba chai yangu ni maji ya moto yaliyopita karibu na majani.

Unaikumbuka ile kaseti mliyonitumia nilipokuwa nafanya kazi Kibondo, kwa kuwa ulisema barua haina sauti? Baba ndiye aliyekuwa fundi mitambo. Akaiweka redio dirishani, mvua inapiga mabati, jogoo naye anajiona kaalikwa. Ukaanza na salamu yetu ya asubuhi, ile ya makofi, maana Muha hamwambii mtu habari kabla hajamsalimu, hata kwa mashine. Makofi ya taratibu, "Mwakeye, mwanangu, mwakeye," makofi tena, mpaka nikahofia upande wa kwanza utaisha habari hazijaanza. Kisha ukaimba wimbo wako wa kupura maharage.

Tangu tukuzike, Baba amekuwa akisema sauti yako inamtoka. Nilimpigia kaseti ile kwenye redio yangu, akaniambia, "Zima. Huyo si yeye." Basi mwaka jana, 2013, tulipouza maharage, nikaenda mjini kutafuta amplifaya ya kuikuza sauti yako.

Mwenye duka, mtu wa Tanga, aliniruhusu nikajaribie nyumbani. Nikachukua mpya, yenye taa za buluu zinazorukaruka. Niliichagua kwa macho, kama vijana wanavyochagua wachumba. Nikaiunga na redio. Mama, ilisema kila kitu. Mvua ungeihesabu tone kwa tone. Makofi yako yakawa sahani zinazovunjika, na wewe ukawa mwembamba huko nyuma ya jogoo. Jogoo mwenyewe, kwa kweli, hajawahi kutoka vizuri vile. Baba akatazama taa tu, salamu hakuiitikia.

Hapo nikapata kipimo. Kwetu salamu haiachwi hewani. Kama mzee hajaitikia, basi hajasalimiwa.

Nikairudisha. Mwenye duka akasikiliza kaseti, akacheka. "Ndugu yangu, rekodi yenyewe hii, unaiwekea mashine ya kusema kweli ya nini? Mchukulie mama inayositiri."

Akatoa nyuma ya maboksi amplifaya moja zee la mbao, lililoingia kutoka Burundi kwa njia ya Manyovu miaka hiyo, lina taa moja tu nayo haina uhakika. Sauti kali linazimeza, ile ya katikati linainenepesha. Fundi angekuambia hizo ni kasoro. Mimi nililibeba begani kama mbuzi wa mahari.

Kesho yake asubuhi Baba alikuwa mlangoni anamenya muhogo. Nikawasha. Mvua ikasogea mbali, jogoo akarudi uani kwake. Ukapiga makofi. Baba akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye suruali, akainama kidogo, akapiga makofi polepole. "Mwakeye," akasema. Ukaendelea, naye akaendelea, hakuruka hata moja. Ulipoanza wimbo akaokota kisu chake.

"Sasa amefika," akaniambia. "Lete chai. Hata hiyo yako."

Najua hukupenda uongo. Huu tusamehe. Umekuongezea unene kidogo tu, na sijaona mama wa kwetu aliyekasirika kuambiwa amenenepa.

Nakuaga kwa makofi, Mama. Kila asubuhi unaitikiwa.

Ni mimi mwanao,
mpika chai wa Baba