Mume Wangu Anasahau, na Safu Yake Naiandika Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu, ingawa nahisi wewe ndiye utakayenipa mimi, maana nimetimiza miaka sitini na tisa na sikuwahi kudhani kwamba katika umri huu nitalipelekea gazeti mambo ya nyumbani kwangu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sosholojia chuo kikuu na mimi nilikuwa mpiga chapa wa idara yake, na ndivyo tulivyooana, yeye akiandika kwa mwandiko ambao hata mwenyewe ukimrudishia kesho yake hausomi, na mimi nikiwa mtu pekee ninayeuweza. Wanafunzi walimwita Mzee Kwa Nini, kwa sababu huwezi kumwambia mvua inanyesha asikuulize sababu. Alipostaafu, chama cha wanasosholojia kilimwachia kazi moja aliyoipenda kuliko pensheni, ukurasa wa Habari na Fursa katika jarida la wanachama la kila mwezi, yaani nani amepanda cheo, nani ametutoka, mkutano uko wapi, nafasi gani ya masomo imetangazwa na maombi yanafungwa lini, na chini ya kila tangazo anaongeza mstari mmoja wa kwake, wa utani au wa kutia moyo, na wengi husema jarida wanalifungua kwa ajili ya mistari hiyo.

Miaka mitatu iliyopita akaanza kusahau. Kwanza miwani, tukacheka, kisha akatangaza mkutano mmoja mara mbili, kisha akaandika tanzia ya rafiki yake ambaye tulishamzika mwaka uliotangulia na tanzia alishaiandika, akalia upya kana kwamba habari imefika asubuhi ile, nami nikaichana. Tangu hapo nikawa namsomea matangazo mezani, yeye anasema mstari wake nami napiga chapa, halafu mistari ikawa mifupi, halafu akawa ananitazama tu, na kwa kuwa mchapishaji alikuwa anasubiri nikaijaza mwenyewe, mara moja tu, nikijisemea kwamba mwezi ujao atapata nafuu. Mshauri, sasa ni miezi ishirini na sita. Mwanachama mmoja aliandika kuwa siku hizi Mzee amekuwa mpole na maneno yake yanagusa kuliko zamani, na Mungu anisamehe, nilifurahi kama msichana, barua ile naitembeza kwenye mkoba mpaka leo. Mwenyekiti wa chama akipiga simu namwambia Mzee yuko bafuni, nadhani wanachama wote wanaamini hakuna mtu anayeoga nchi hii kama mume wangu.

Sasa maji yamenifika shingoni. Chama kimeamua kumtunuku kwenye mkutano mkuu wa mwezi ujao, na wanataka atoe hotuba ya ufunguzi, na tangazo lenyewe waliniletea mimi bila kujua, nikalipiga chapa kwa sababu sikujua la kufanya, na jarida limeshatoka. Nimemwandikia hotuba, kurasa sita za herufi kubwa, nikamsimamisha sebuleni asome, akausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti yake ileile ya darasani hata mwili ukanisisimka, akaugeuza, akaugeuza tena, akausoma ukurasa wa kwanza upya, na upya, mpaka nikamnyang'anya karatasi. Akaniuliza, "Dada, kwani nimekosea?" Siku hizi ananiita dada.

Mwanangu mkubwa, mhandisi, anajua babake anaumwa lakini habari za safu hazijui, na ameniambia, "Mama, mwache apande jukwaani hata dakika tano, hiyo ni heshima yake ya mwisho." Mdogo wake wa kike anasema, "Mkimpandisha pale, mimi siji." Nimekaa katikati yao kama kamba inayovutwa huku na huku.

Naapa sijamdhulumu mtu, nimedanganya kwenye salamu na mizaha basi. Hata yule binti aliyefundishwa na Mzee, anayeomba nafasi ya masomo ya juu tuliyoitangaza sisi wenyewe, inayofungwa tarehe thelathini, alipoandika kuomba barua ya mwalimu ya kumpendekeza, nilikataa katakata kughushi, sikumjibu kabisa. Ameandika mara tatu, ya mwisho anasema, "Mwalimu, kama kuna mahali nilikukosea, naomba uniambie," nami nikaiweka kando, kwa kuwa kughushi sahihi najua ni kosa.

Nisaidie kuhusu hotuba. Nimpandishe jukwaani, au siku hiyo nimzushie homa?

Mke wa Mwalimu

Mama, kwa hesabu zangu shikamoo ni yangu, na naitoa mapema, maana tukifika katikati utaniona sina adabu.

Pole sana. Pole kwa kuitwa dada na mtu uliyemzalia watoto. Mama yangu mdogo naye aliishia hivyohivyo, miezi ya mwisho alikuwa ananiita kwa jina la mbwa wetu wa zamani, nami nikawa naitika. Kumuuguza mtu anayekusahau ni msiba usio na matanga, hakuna jirani anayekuja kukaa nawe, na wewe umeubeba miaka mitatu huku ukikimbizana na mchapishaji. Sitaki udhani sikuliona hilo.

Sasa tugombane. Barua yako nimeipunguza ili itoshe hapa, lakini wewe unajua ulivyoiandika: hotuba umeipa karibu kurasa mbili, na yule binti umempa mistari minne, tena umemleta kama shahidi wa uaminifu wako. Mimi naanza na mistari minne hiyo.

Hukughushi, vizuri. Lakini kutoghushi ni jambo moja na kutojibu ni jingine kabisa. Wewe unajua kwa nini hakuna jibu, yeye hajui. Anachokijua ni kwamba mwalimu wake kila mwezi anawaandikia vijana wote maneno matamu, waombe, wasiogope, wajaribu tena, na yeye peke yake amemnyima hata neno. Na maneno hayo unayaandika wewe! Unawahimiza waombe, na anayeomba unamweka kando. Wakati huu tunaoongea, binti wa watu anapekua miaka yake yote ya chuo, siku alizochelewa darasani, swali aliloliuliza vibaya, akitafuta kosa ambalo halipo. Uliogopa aibu imguse mumeo, ukaenda kumtwika mtoto wa mwenzio. Halafu unaniambia hujamdhulumu mtu. Nimekasirika, Mama, na sifichi.

Leo ni tarehe ishirini na sita. Hukuniachia namba ya simu, ungeniachia ningekupigia siku ileile bahasha ilipofika mezani kwangu. Basi mpigie binti huyo wewe, leo. Usimwandikie, maana kuandika kwa niaba ya wengine kumekukolea, utaanza kutafuta maneno mazuri. Mwambie wewe ni nani. Mwambie Mzee anaumwa na tangu lini, na kwamba barua zake zote tatu zilikuwa mikononi mwako, na kwamba hakumkosea mtu. Akilia, msikilize. Akifoka, msikilize vilevile, usijitetee.

Ukimaliza mpigie mwenyekiti, na usimwambie habari za bafuni. Mweleze ukweli wote, kisha mwombe kitu kimoja kabla ya vingine vyote: amtafutie binti huyo mwalimu mwingine aliyemfundisha, aandike barua kabla ya tarehe thelathini. Atakwambia muda ni mfupi. Watu wa vyuo wakitaka, siku mbili zinawatosha, mng'ang'anie.

Ndipo mje kwenye hotuba. Hapandi. Mwanao mhandisi anampenda babake lakini hapo amekosea, hakuna heshima katika kumwacha mzee ageuzegeuze karatasi mbele ya ukumbi mzima. Homa nayo usizushe, uongo ulionao unatosha. Wamtunuku akiwa ameketi mstari wa mbele nawe ukiwa ubavuni, na kama siku hiyo umati unamtisha, waje wachache nyumbani. Zile kurasa sita ni zako. Wakitaka zisomwe, zisome wewe kwa jina lako, na kama hawataki, usinune.

Safu uikabidhi mwezi huu. Katika ukurasa uleule, toleo lijalo, waeleze wanachama kilichotokea, bila mzaha na bila kujipamba. Watakaokasirika wana haki. Wakikuomba uendelee kwa jina lako, fikiria, maana barua ile unayoitembeza kwenye mkoba ilikuwa yako kweli na siwezi kukuambia uone haya kwa kuandika vizuri. Ila waite wanao wawili kwanza, uwakalishe, uwaambie. Wasije wakasoma jaridani habari waliyostahili kuisikia kinywani mwa mama yao.

Najua unachoogopa ni jina la Mzee. Jina hilo halikujengwa na mistari yako ya miezi ishirini na sita, limejengwa na watu aliowafundisha, na mmoja wao yuko mahali fulani leo akiamini kwamba mwalimu wake amemkataa. Huwezi kulilinda jina la mumeo huku unamwacha huyo hapo alipo.

Binti akikuomba aje kumwona Mzee, usimwahidi kwamba atamkumbuka. Mwambie aje tu akae naye, hata Mzee akimwita dada.

Ukifika mstari huu na bado hujampigia, weka gazeti chini.