Doa la Zafarani

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Ngamiani tu wazima, na kikohozi cha babu yako kimepungua. Mimi ndiye nisiyetulia. Barua hii nimeianza mara tatu.

Unauliza kama utafute mshauri mwingine wa afya ya akili, maana huyo wa huko Mwanza ukitaja dua anaangalia saa.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, usingizi ulinikimbia, nikawa silii wala sicheki. Mama akaniletea kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Kliniki nako nikapewa vidonge. Kwa ujinga wangu, vidonge nikamficha mama, kombe nikamficha nesi.

Siku moja nesi, Mshambaa wa Kilutheri, akaona doa la njano kwenye kanga yangu. Nikasema ni mchuzi. Hakubishana. Akavuta kiti, akasema, "Ni aya gani, mdogo wangu? Nisomee."

Nikamsomea. Hapo ndipo nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu: naogopa kuachwa peke yangu na mtoto. Hakushtuka. Akasema, "Kesho njoo na mama yako."

Tafuta wa namna hiyo, aliyeisomea kazi yake, wa dini yoyote. Ukijikuta unamficha kitu, ondoka.

Mtoto yule ni mama yako. Haya hayajui. Yeye ndiye atakayeipeleka barua hii posta, na bahasha nimeiacha wazi.

Bibi yako