Mwendo Wako Kwenye Geimu Yetu

Glasgow, Jumapili baada ya adhuhuri

Baba yangu,

Shikamoo, na assalamu alaykum. Nakuamkia kutoka mji huu ambao jua lake ni la kuazima. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba sasa unaswali ukiwa umekaa kitini, nawe ukamnyang'anya simu ukasema anatia chumvi. Nilicheka, lakini roho haikutulia. Tafadhali kubali likandwe. Na watoto wa madrasa hawajambo? Mvua imefika huko Msambweni, au bado inawapita juu kwa juu? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe nimejitia mwenyewe.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenisikia nimenyamaza, ungeuliza, "Kuna nini?" nami ningejibu, "Hakuna kitu." Barua hii ataileta Yusufu, mwenzetu wa Galu, anayekuja kuoa. Isome peke yako kwanza. Nimekukosea, Baba. Nataka radhi yako, na siwezi kuiomba kabla hujajua nilichofanya.

Kazi yangu unaijua nusu. Uliwaambia watu msikitini kwamba mwanao yuko kwenye mambo ya kompyuta, nami nikakuacha useme hivyo. Ukweli ni kwamba kutwa nacheza geimu za mpira, natafuta kasoro zake kabla hazijatoka kuuzwa. Najua utasema, "Yaani nilikusomesha ukacheze?" Ni kazi, Baba, na macho huuma kwelikweli.

Katika geimu hizi kuna jambo wanaloliita kemistri. Mimi naliita maelewano. Ukipanga timu, wachezaji wa nchi moja au klabu moja huunganishwa kwa mstari wa kijani, na wote wanaongezeka nguvu. Mgeni akiingia kati yao mstari wake huwa mwekundu, na hata awe hodari vipi, miguu yake inakuwa mizito. Ofisini tunagombana juu ya jambo hili tangu nifike. Kofi, mwenzangu wa Ghana, husema liondolewe, kwa sababu mchezaji mzuri ni mzuri tu, kwa nini aadhibiwe kwa ajili ya pasipoti? Wengine husema bila hilo kila mtu atakusanya majina makubwa na kuyamwaga uwanjani, na huo si mpira tena, ni gulio. Mimi niliona pande zote zina haki, jambo ambalo halimsaidii mtu mkutanoni.

Basi siku moja mkubwa wetu, mama mmoja anaitwa Fiona, akataka kila mmoja aeleze kwao timu hupataje maelewano. Huyu akasema kwao hulewa pamoja. Yule akasema kwao huimba ndani ya basi. Zamu ikanifikia. Tangu nije hapa nilikuwa mtu wa pembeni. Nikisema neno wananiomba nirudie, nikirudia wanatabasamu kwa adabu. Nilitaka wanipende, Baba. Ndipo nikalitoa bakuli lako.

Unaikumbuka mechi yetu na Vanga. Kevo, yule fundi wa pikipiki aliyetoka bara, alikuwa na mbio kutushinda sote, lakini Rashidi na wenzake walikuwa hawampi mpira. "Wa bara huyo, atatuuza," wakisema. Kamati ya timu ikaleta mganga, ukamfukuza mbele ya watu wote. Wakakubembeleza uandike kombe basi, maandishi ya zafarani yaoshwe tunywe, nawe ukasema, "Kombe ni la mgonjwa. Nyinyi hamuumwi, mna roho mbaya tu." Kisha ukaagiza madafu, ukayamimina kwenye bakuli kubwa la Mama la pilau, ukampa Kevo kwanza. Akasema, "Mzee, mimi si Muislamu, isije ikawa noma." Ukamwambia, "Hili ni dafu, mwanangu. Dafu halina dini." Halafu ukampa Rashidi, ukamgeuzia bakuli ili anywe palepale Kevo alipoweka mdomo. Tuliona alivyosita. Akanywa. Hatukushinda siku ile, tulitoka sare, lakini Kevo alipewa mpira.

Nilikuwepo. Nilikunywa kutoka bakuli lile lile. Na bado, mbele ya Fiona na wenzangu, nilisema kwetu kuna mganga mmoja mzee, huwapa wachezaji dawa inayofuka moshi, wakinywa wanacheza kama ndugu wa tumbo moja. Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwachekesha, na utamu wake ulinilevya. Wakaamua kumtia kwenye geimu, na mchoraji akaniuliza mzee huyo yukoje. Nikampa kanzu yako. Nikampa ndevu. Nikampa hata miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Fiona akaniuliza, "Unamfahamu?" Nikajibu, "Namwona tu njiani."

Natamani aibu ingeishia hapo. Wakataka kurekodi mwendo wake, ili mzee wa kwenye geimu atembee nao. Wakanivika nguo nyeusi ya kubana yenye vidoti vyeupe, kamera zikanizunguka pande zote, wakaniambia nitembee kama yule mzee. Nikatembea kama wewe. Nikauvuta mguu, nikashika kiuno kama unavyoshika ukipanda ngazi za msikiti, nikasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kumbe ni goti linauma. Waliomba nirudie, nikarudia, na safari ya pili nikatia mbwembwe.

Baadaye nikiwa kazini nilifunga bao kwenye geimu, maelewano ya timu yakajaa, na kando ya uwanja ukatokea wewe. Si mzee yeyote, Baba, ni wewe, unakuja kwangu unavuta mguu na bakuli mkononi. Wenzangu wakapiga makofi wakiita, "Mganga! Mganga!" Neno hilo niliwafundisha mimi. Niliweka pedi ya kuchezea mezani, nikaenda chooni nikafungulia bomba wasinisikie.

Nilianza kuwaza vijana wa huko nyumbani, wa kwenye chumba cha geimu karibu na soko. Wao wangekutambua kwa mwendo kabla ya uso. Ungepita zako kwenda madrasa, na mtoto uliyemfundisha alifu angekuita mganga, nawe usingejua kosa lako ni lipi.

Wiki iliyopita nilisimama mkutanoni nikasema mzee yule atolewe. Mchoraji aliudhika, na ana haki, kazi yake ilikuwa nzuri. Fiona akauliza kwa nini. Nikasema, "Si mganga. Ni mwalimu wa Kurani. Bakuli lilikuwa na maji ya madafu. Na ni baba yangu." Hakuna aliyecheka. Kofi akanitazama akasema, "Na ule mwendo ulikuwa wake? Ukauchezea mbele yetu?" Nikasema ndiyo. Akageuza uso. Mpaka leo ananisalimu, lakini chai hatunywi pamoja tena.

Ilibidi nisimulie upya, na safari hii nilisimulia kama ilivyokuwa. Fiona akaniuliza, basi mimi ningefanya nini na ile mistari ya kijani na myekundu? Nikasema ile ya nchi ifutwe, kwa maana geimu inasema maneno yale yale aliyokuwa akisema Rashidi. Maelewano yabaki, lakini yapande pale mchezaji anapompa pasi yule asiyempenda, na yashuke anapomnyima. Wameijaribu. Mwanzoni inaudhi, unawagombeza wachezaji wako kama watoto wasiotaka kuoga. Baadaye, wale wawili waliokuwa hawatazamani wakianza kupeana mpira, unafurahi kuliko kufunga bao. Geimu imekuwa bora, hata Kofi amekubali kemistri ibaki. Walinipigia makofi, Baba, nami sikujua nitazame wapi. Akili ilikuwa yako, nilikuwa nimewauzia kama uchawi.

Msalimu sana Mama, mwambie bakuli lake limefika mbali bila yeye kujua, mengine umweleze ukiona inafaa. Msalimu dada yangu Mwanasha na shemeji, na mtoto wao nasikia ameshaanza kutambaa. Mjomba Bakari wa Majoreni mpe salamu, mwambie sijaoa na asinitafutie. Bibi mbusuni mkono kwa niaba yangu.

Imebaki jambo moja. Picha ya mzee imefutwa, mbele ya macho yangu. Lakini ule mwendo waliourekodi umehifadhiwa peke yake, bila kanzu wala uso, vidoti vyeupe tu vinavyotembea gizani. Fiona amesema nikitaka ufutwe nibonyeze mwenyewe. Mara mbili nimeketi kubonyeza nikashindwa. Nimeuiba kwa kukudhihaki, na bado ni wewe, na huku sina kitu chako kingine kinachotembea. Uamue wewe. Ukisema ufutwe, nitaufuta siku hiyo hiyo. Na radhi, kama bado haijapatikana moyoni mwako, usinipe ya kunihurumia. Nitaingoja ile ya kweli.

Ni mimi mwanao, niliyesema nakuona tu njiani,

Hamisi