Siagi Ndani ya Kopo la Majarini

Mama,

Nampeleka baba hospitali, kifua kimembana. Nimekupigia, simu umezima kwa ajili ya ibada. Ukirudi chukua kadi yake ya kliniki na shuka. Mihogo iko jikoni, ~~mpashie Elisha~~ Elisha ajipashie, ameshakuwa mkubwa. Wewe njoo.

Daktari alisema siagi ya ng'ombe aache kabisa, majarini laini kidogo tu. Wiki tatu nampakia mkate kutoka kopo la majarini, napima kwa kijiko cha chai, najiona mjuzi. Leo nimeona imepauka, inanuka maziwa. Nikaonja. Kumbe ni ile siagi aliyotuma bibi kutoka Mbulu!

Baba akaniambia, "Mama yako kanionea huruma, akaijaza humo. Nyamaza, mwanangu, nimekula vizuri." Chai yenyewe hakuimaliza, akashika kifua.

Mama, ulimhurumia, sikatai, lakini mkono uliomlisha ni wangu. Daktari akiuliza anakula nini nitasema kweli yote, hata ukininunia mwaka mzima. Ila usikae nyumbani kwa aibu. Bajaji imefika, na jina analoita ni lako.

Binti yako,
Upendo