Vumbi la Juu ya Kabati

Jumatano

Kumbe lile halikuwa vumbi!

Wiki nzima mwanangu Zaituni anakohoa, na mimi kila asubuhi nafagia chumba chake kwa nguvu zote. Leo wifi yangu Somoe kanikuta, akaninyang'anya ufagio. "Wifi, unalirusha tu hilo vumbi. Chukua kitambaa cha maji, anzia juu."

Nikapanda kiti, nikapangusa juu ya kabati lililo kichwani pa kitanda chake. Kitambaa kikarudi cha njano. Mfuko wa salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, panya wameutoboa, unga unamwagika hadi sakafuni!

Baba Zaituni anasema aliuficha pale usiibwe. Nimemfokea hadi sauti imenikauka.

Lakini yeye aliiweka tu. Aliyeitimua kila asubuhi, mtoto akiwa bado amelala, ni mimi.